Nesi Aliyetufundisha Kujigonga

Mwaka ule Nesi alipokuja kwetu tulikuwa tunakula ugali na avokado. Si kwa kupenda. Maharagwe yalikauka yakiwa bado ni maua, muthokoi, chakula chetu cha mahindi na maharagwe, ukapikwa mahindi matupu, na sukuma wiki ya shambani ikawa ngumu kama mkanda wa viatu. Avokado peke yake ndiyo haikujua kuna njaa. Ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Tulikula asubuhi na chumvi, mchana na ugali, jioni na chai isiyo na maziwa. Wajukuu wangu walinenepa mashavu, halafu wakaapa hawatakula tena kitu chochote cha rangi ya kijani. Na sisi wa Nunguni tulikuwa na bahati, maana huku ni mlimani na baridi hutuwekea umande. Kule chini, Mutomo na pande zile, watu walikula mbuzi, na haikuwa sherehe. Walizila kabla hazijafa zenyewe. Ukimwona mtu wa kule anashuka kwenye gari na ndoo ya nyama, usimwonee wivu, hiyo ndiyo zizi lake lote. Nesi alishuka hivyo. Mkono mmoja ndoo ya nyama iliyokaushwa, mkono mwingine kiti chake cha plastiki.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Hiyo ilisomwa siku ya mazishi yake, tena kwa sauti nzuri, na aliyesoma hakumjua. Jina lake pia nitaliacha, kwa sababu huku hakuna aliyelitumia. Alikuwa Nesi. Kazi ya hospitali alikuwa ameshaiacha, akajengewa nyumba ndogo ya mabati kwa dada yake aliyeolewa huku, upande wa juu wa kanisa. Lakini mtoto akiungua na uji, alipelekwa kwa Nesi kwanza. Mzee akikohoa usiku, kesho yake anaambiwa, "Umeonana na Nesi?" Hata dada yake wa tumbo moja alimwita Nesi.

Alikuwa mwembamba, mrefu, shingo ndefu. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Vidole ndivyo ninavyovikumbuka zaidi. Vilikuwa vikavu na vyepesi, na kucha zimekatwa fupi kabisa. Mtu mwenye sauti kama ile ungemtarajia akushike kwa nguvu. Alikugusa kama anaangalia kama chapati imeiva.

Mara ya kwanza nilipomwona akifanya ile kazi yake, nilicheka waziwazi. Ilikuwa Jumatano, tumetoka kwenye mkutano wa akina mama, na kwenye kibanda cha kanisa alikuwa amekaa na wazee, wake kwa waume, wote wanajigonga usoni kwa ncha za vidole. Wanajigonga penye nyusi, wanashuka pembeni ya jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni. Watu wenye mvi.

"Nesi," nikamwuliza, "hao ni mbu gani mnaua mchana?"

"Ni wale wanaokunyima usingizi wewe," akasema, bila kugeuka. "Kaa chini, mwaitu."

Mwaitu ni mama yangu kwa Kikamba, na ndivyo watu wenye heshima wanavyowaita wanawake wazima. Yeye alinizidi miaka kidogo, lakini aliniita hivyo mpaka mwisho. Nilikaa. Sijui alijuaje kwamba silali. Labda ilionekana. Tangu mzee wangu, baba watoto, afe, jua likianza kushuka tu moyo wangu ulikuwa unakimbia kama unafukuzwa, na mbwa akibweka natokwa jasho. Nina watoto waliosoma, nina mjukuu ambaye ni daktari wa mifugo, na kijiji kizima kinanijua kwa mdomo. Mtu kama mimi haendi kusema kwa watu kwamba anaogopa giza.

Nitaeleza vile alivyofundisha, kwa sababu wengine wanaeleza vibaya. Unaanza na upande wa kiganja, pale chini ya kidole kidogo, pale ungetumia kama unapiga meza. Unagonga hapo pole pole kwa vidole vya mkono mwingine, na huku unagonga unasema lile jambo linalokuumiza, lilivyo. Unasema hivi: hata kama jambo fulani limenipata, niko hapa, na mimi ni mtu. Halafu unazunguka uso, unashuka kwenye mfupa ulio chini ya shingo, unaenda ubavuni chini ya kwapa, unamalizia utosini. Unavuta pumzi. Unarudia tena. Basi, ni hivyo tu. Yeye mwenyewe alifundishwa kwenye semina wakati bado anafanya kazi, na hakuwahi kusema kwamba ni uvumbuzi wake.

Hakusema ni dawa pia. Hapo alikuwa mkali kweli. Kulikuwa na mama mmoja alipoanza kulala vizuri akaacha vidonge vya presha, akaja kujisifu. Nesi alimwangalia kama amekanyaga kinyesi.

"Nani alikwambia uache?"

"Si nimepona, Nesi?"

"Umepona nini? Kugonga ni ya kutuliza mwili ndio mdomo uweze kusema. Presha haisikii maneno yako. Nenda nyumbani umeze vidonge, halafu Jumatano uje ugonge. Ukiacha tena usije hapa."

Lakini kwenye maneno ndiko alikosumbua watu. Hakukubali maneno ya kuzungukazunguka. Siku yangu ya kwanza nilisema, "Hata kama niko na shida kidogo."

"Shida kidogo ni chumvi kuisha," akasema. "Taja."

"Hata kama sisikii vizuri."

"Masikio?"

Wote wakacheka, na mimi nikakasirika, na kwa ile hasira ikatoka. Nikasema hata kama moyo wangu unakimbia jua likishuka kwa sababu yule mtu wangu hayuko, niko hapa, na mimi ni mtu. Nilipofika kwenye kidevu nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Nesi hakuninyamazisha. Aliendelea kujigonga ili nimfuate. Sitasema nilipona siku ile, kwa sababu sipendi ushuhuda wa uongo, kanisani umejaa. Lakini jioni ile niliwasha jiko, jua likashuka nikiwa naliangalia, na moyo ukatembea.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka tukaijua kama wimbo: hakuna mtu wa kumwekea mwenzake maneno mdomoni. Unaweza kumbana mtu ataje. Unaweza kumcheka kidogo. Lakini kumtajia huwezi. Akikataa, unagonga naye kimya, mnaenda nyumbani.

Mzee wa kanisa ndiye alikuja kutupiga vita. Alisema ameambiwa tunafanya mambo ya dini za watu wa mbali, kujipapasa na kuita mizimu. Alikuja na koti lake la Jumapili siku ya Jumatano, ili tujue amekuja kikazi.

"Nesi, hapa ni nyumba ya Bwana."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana tumekaa hapa badala ya kwa baa."

"Hiyo kujigonga iko wapi kwa Biblia?"

"Na panadol iko wapi?" Nesi akamwuliza. "Karibu kiti."

Watu walizuia kicheko kwa leso. Yule mzee alikaa, nafikiri kwa sababu miguu yake ilikuwa inamuuma. Na Nesi akamwuliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya chini, "Ng'ombe zilibaki ngapi, mzee?" Akasema hakuna. Alikuwa na shamba kule chini, na zote zilikuwa zimekufa na lile jua, moja moja, zikimwangalia. Hakuwa amemwambia mtu. Mwanaume wa miaka yake hawezi kulilia ng'ombe mbele ya watu wakati wengine wamezika watoto. Nesi akaanza kujigonga upande wa kiganja, hakumwambia afanye nini. Baada ya muda yule mzee naye akaanza. Akasema, "Hata kama yule mwekundu alikufa akiwa ameninyooshea shingo." Hakuweza kumaliza. Wiki iliyofuata alikuja tena, bila koti.

Nesi alikuwa na mambo yake yasiyopatana, na mimi niliyahesabu kama mtu anayeokota mawe kwenye ndengu. Alimkataza kila mtu sukari, na chai yake mwenyewe ilikuwa tamu hata midomo inashikana. Aliwahi kufunga kidonda cha mtu aliyekatwa na panga bila kukunja uso, lakini kuku akirukia kizingiti cha mlango wake alipiga kelele kama msichana. Kwa ajili hiyo tulipomlipa kwa mayai alifurahi, na tulipomletea kuku mzima alisema, "Peleka hiyo kitu kwa dada yangu." Jumatano alitaka tulie. Lakini tukienda mazishini alisimama nyuma ya watu, mikono amekunja, uso mkavu, na mtu akianza kulia kwa sauti aliondoka akaenda kusimama na wanaopika.

Na hakutaka kuambiwa pole. "Pole ya nini? Nimeanguka?" Kwetu pole unampa mtu hata akibeba mzigo, hata akipiga chafya. Kwake ilibidi tujifunze kunyamaza.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Binti pia alikuwa naye, yuko Mombasa, huyo hana neno hapa. Yule kijana alikaa Mutomo na mke wake na watoto, akiendesha pikipiki ya kubeba watu na mizigo. Alikuja kumwona mama yake kila alipopata nafasi, safari ndefu ile yote, na sisi tulisikia pikipiki yake kabla haijafika kwa sababu ilikohoa kama bibi kizee. Alileta asali kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Alikuwa mtu wa kelele na utani, mnene kidogo, meno yote nje.

"Mama," alimwambia mbele yetu, "umeanza kuwafundisha wazee kujipiga? Serikali itakushika."

"Wacha waje wanishike. Nao nitawafundisha."

"Hata mimi hii yangu huwa naigonga ndio iwake." Akagonga tangi la pikipiki. "Hata kama huna mafuta, wewe ni pikipiki, na uko hapa."

Nesi alicheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kumwona akicheka hivyo tena, kabla wala baadaye.

Halafu mvua ikaja, na ikaja kwa wingi kama inalipiza lile jua. Siku moja kijana alikuwa amelala kwa mama yake. Asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima wetu, na Nesi akamwambia aondoke mapema kabla haijamshika njiani, kwa sababu barabara ya kushuka huteleza. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeleta maziwa. Alimfunga sweta kifuani kama mtoto. Kijana akashuka, na huku kwetu mvua haikunyesha kabisa siku ile. Tulianika nguo zikakauka.

Mtu asiyejua mito ya kule chini hataelewa. Mwaka mzima ni mchanga mtupu, watu wanachimba visima ndani yake, ng'ombe wanalala. Mvua ikinyesha mbali huko juu, mahali usipopaona, maji yanakuja yamesimama kama ukuta, na wewe uko kwenye jua, huna habari. Kijana aliingia kuvuka na pikipiki. Waliokuwa ng'ambo walimpungia mikono, na wanasema naye aliwapungia, alifikiri wanamsalimu.

Pikipiki ilipatikana chini huko imejaa mchanga mpaka ndani ya taa. Yeye hakupatikana. Walitafuta, wakafukua kila mahali palipokuwa na harufu, wakakuta mbuzi. Maji yakaisha, mchanga ukarudi kama zamani.

Jumatano iliyofuata Nesi alikuja kibandani na kiti chake. Sisi tulikuwa tumejaa, hata wale wasiokuja walikuja, na tulikuwa tumeshaanza kulia. Alikaa, akatuangalia. "Leo tunaanza na nani?" akauliza. Akamwelekezea kidole mama mmoja ambaye mguu wake ulikuwa unamuuma. Tukagonga kwa ajili ya mguu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Alifundisha kama kawaida, tena vizuri zaidi, mtu hakutoka pale bila kutaja. Yake hakutaja. Aliongea habari za kijana kama mtu aliyesafiri. Anapenda viazi vya kuchoma. Ana tabia ya kutofunga mlango. Jumamosi alitoa godoro la kijana nje, akaliegemeza kwenye ukuta lipate jua, na jioni alilirudisha. Mimi nililiona godoro lile kila nilipokwenda dukani. Na nilimwona yeye anavyoisha. Nguo zilianza kumning'inia. Alishika kifua akipanda ule mlima mdogo wa kanisa. Yule aliyetutolea kila kitu mdomoni, chake kilikuwa kinamla kutoka ndani, na dawa aliijua na aliigawa kila wiki.

Halafu mke wa kijana akaja. Hakuja kwa Nesi, alikuja kwangu, kwa sababu watu walimwambia mimi ndiye rafiki. Alikuwa msichana mweusi mzuri, amekonda, viatu vimejaa vumbi jekundu la kwao. Nilimpa chai. Alishika kikombe bila kunywa.

"Susu," akaniita, yaani nyanya kwa Kikamba, "nimekuja unisaidie na mama."

"Sema, mtoto wangu."

"Wazee wa nyumbani wanataka tufanye maombi, tumpumzishe. Mama amekataa. Bila yeye hawawezi." Aliangalia kikombe. "Kanisani mimi sijui nikae wapi. Wajane wana kiti chao na wenye mabwana wana chao. Nikikaa na wajane, watu wa mama wanasema nimemuua bwanangu. Nikikaa na wale wengine wananiangalia. Sasa nakaa nje na watoto. Watoto wananiuliza baba yuko wapi, na mimi sina neno la kuwaambia. Mama akisema neno moja tu, nitajua mimi ni nani."

Nilimwambia nitajaribu. Alikunywa chai yote kwa mara moja, kama dawa, akaondoka ili apate gari la mchana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa kwingine wakilisikia wanashangaa. Sisi Wakamba tuna mwethya. Mtu akiwa na kazi kubwa, labda kuchimba matuta ya shamba au kumwaga msingi wa nyumba, jirani wote wanakuja na majembe yao, wanafanya ya huyu leo, wiki ijayo wanafanya ya yule. Kwa zamu. Hakuna shamba linalorukwa, na ukirukwa ujue umetengwa. Matuta yote unayoyaona kwenye milima yetu yamechimbwa hivyo, na mgongo wangu unayakumbuka. Basi wale wazee wa Jumatano walikaa bila Nesi wakaongea. Yule mzee wa kanisa ndiye aliyesema. "Ametufanyia sisi wote. Zamu yake imefika na hawezi kuita watu. Mwethya huwa hauitwi na mgonjwa. Twende."

Ilionekana ni jambo zuri. Hata mimi niliona hivyo. Tulikwenda asubuhi, tukiimba ule wimbo wa kwenda shambani, wengine na fimbo, mwingine amebebwa na boda kwa sababu ya magoti. Tulimkuta anafagia. Tukazunguka uwanja wake kama tunavyozunguka shamba, tukaanza kujigonga upande wa kiganja, wote pamoja, na yule mzee akasema kwa sauti yake ya kanisani, na sisi tukamfuata:

"Hata kama kijana wa Nesi amekufa kwenye mto."

Uwanja mzima ulilisema. Lilisikika mpaka barabarani, mwenye duka alitoka kuangalia.

Nesi aliacha kufagia. Hakupiga kelele. Alituangalia mmoja mmoja, kila uso, uso ambao alikuwa ameugonga kwa vidole vyake mwenyewe, halafu akasema, "Hilo si shamba lenu." Akaingia ndani akafunga mlango. Tulisimama pale na vidole vyetu. Mama mmoja alianza kuokota takataka alizokuwa amefagia, ili tusiondoke bure.

Jumatano ile hakuja. Wala iliyofuata. Tulijaribu kuendelea wenyewe, lakini kila mmoja alitaka kuongoza, na hakuna aliyejua kunyamaza wakati wa kunyamaza. Kibandani sasa huwekwa mifuko ya saruji. Mzee wa kanisa alikwenda kuomba msamaha, akaambiwa kupitia dirishani kwamba amesamehewa, na aende. Mimi najigonga nyumbani kwangu jua likishuka. Nasema maneno yangu yale yale, na sasa nimeongeza mengine.

Nesi alikufa msimu wa ndengu. Ilikuwa presha, kama wengi wetu tutakavyokufa. Walimrudisha Mutomo, na tulikwenda na gari la kukodi, tukashuka miguu imevimba. Kama nilivyosema, ukoo ulisomwa vizuri. Msomaji alisoma kazi zake, akasoma wokovu wake, akafika mahali pa watoto. Akataja binti. Halafu akanyamaza, akaangalia karatasi, akaangalia wazee wa nyumbani waliokaa mbele. Hakuna aliyemsaidia. Kwenye mazishi husemwa amemwacha fulani, au husemwa alitanguliwa na fulani, na hakuna lugha ya tatu. Msomaji alikohoa, akaruka, akaenda kwenye wajukuu. Mke wa kijana alikuwa amekaa mwisho wa hema, mahali kivuli kinapoishia, na mtoto mgongoni. Watu walinipa kiti mbele kwa sababu ya umri wangu. Nilikwenda kukaa naye.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaagana na Nesi kabla, na ndiyo siku ninayoikumbuka. Ilikuwa mchana wa ukungu, ule ukungu wetu wa Nunguni ambao unaingia mpaka ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Alikuwa ametoka hospitali, upande wake wa kulia umelala. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini maneno yalisikika. Ule mkono wenye vidole vyepesi ulikuwa juu ya blanketi, na dada yake alikuwa anaugeuza kama anageuza mtoto. Dada alitoka kwenda kutafuta kuni. Tukabaki wawili.

"Wakya, Nesi," nikamsalimu.

"Aa. Umenona," akasema. "Wacha sukari."

"Wewe ndiye wa kuniambia?"

Alicheka kwa upande mmoja. Nilikaa kitandani pake. Hatukutaja ile siku ya uwanjani. Nilimwambia habari za wajukuu, za yule daktari wa mifugo, kwamba amepata mchumba kutoka Malili, mwenye miguu mirefu na heshima kidogo. Alisikiliza. Kisha nikachukua ule mkono uliolala, nikaugeuza, nikaanza kugonga upande wa kiganja. Sikumwomba ruhusa. Ulikuwa mzito na baridi. Aliuangalia kama mkono wa mtu mwingine.

"Unagonga kwa nguvu sana," akasema. "Si mlango."

Nikapunguza. Nikagonga hivyo kwa muda, kimya, kama alivyotufundisha. Nilimgonga penye nyusi, nikashuka chini ya jicho, na jicho lile la kulia lilikuwa linatoka maji peke yake, sijui kama ni kilio au ni ugonjwa. Nikamwona amelegea mabega. Nikafikiri, sasa. Nikarudi kwenye kiganja.

"Nesi, mke wa kijana alikuja kwangu."

"Najua. Aliniambia."

"Anakaa nje ya kanisa, jua linampiga na watoto."

Alifumba macho. "Najua anakaa wapi."

"Basi sema, mwaitu. Sitakutajia. Sema mwenyewe, hata kwa sauti ndogo, niko mimi tu. Hata kama mto ulimchukua."

Nje, dada yake alikuwa anavunja kuni kwa mguu. Halafu Nesi akafungua macho, akaniangalia bila hasira, na kwa ule mdomo uliopinda akayasema polepole, kila neno likiwa zima.

"Gonga tu, mwaitu. Hayo maneno mimi siyasemi."

Niligonga. Nilikwenda mpaka ubavuni, nikampandisha mkono, nikagonga chini ya kwapa ambapo mbavu zilihesabika. Nikamalizia utosini kwenye nywele zake nyeupe. Nikavuta pumzi kwa ajili yake, naye akavuta. Kisha nikaanza tena, kwa sababu niliahidi, na kwa sababu mimi sijui kushindwa. Nikamtafutia maneno madogo zaidi, maneno ambayo hata mtoto angeweza kuyabeba. Nikamwambia si lazima aseme mto. Si lazima aseme kufa. Aseme tu, hata kama hajarudi. Hiyo ni kweli, nikamwambia, hata wewe unaona kwamba hajarudi.

Alitafuta mkono wangu kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaurudisha mahali pake, kwenye upande wa kiganja, akauacha hapo.

"Gonga tu, mwaitu. Hayo maneno mimi siyasemi."